Ngo, Ngo

Kilifika Kibuye kwa mkokoteni, miguu juu,
kama mbuzi anayepelekwa sokoni kwa nguvu.
Nyuma yake Bi. Rasoa Kageha, mwavuli kwapani,
akimkaripia msukuma mkokoteni kwa kila jiwe.
"Mvule huo," akaniambia. "Ulikatwa Butula, kwao marehemu,
kabla wewe hujawa hata wazo."
Nikaukwaruza kwa ukucha. Kweli, mvule,
chini ya vanishi tabaka tatu, nne,
nyeusi kama sufuria ya matanga.

Nikadhani namjua. Wajane huja hapa
na viti vya waume zao, na neno lao huwa moja:
ng'arisha, fundi, lakini hapa usiguse,
hapa ndipo mkono wake ulipokaa.
Nami huzungusha msasa kando ya mkono usiokuwepo
na bei huwa ile ile.

Bi. Rasoa akaweka kidole kwenye mkono wa kulia wa kiti.
Vishimo. Vidogo, vimebanana,
kama uso wa mtu aliyepona ndui.
"Pete," akasema. "Alikuwa akigonga.
Ngo, ngo: chai.
Ngo, ngo, ngo: chai imepoa.
Miaka thelathini na minane sebuleni sikuwa na jina.
Vitoe vyote."

Sasa, shimo si uchafu.
Uchafu hutoka. Vanishi kuukuu hutoka:
unapaka dawa, unangoja ijikunje kama utando wa maziwa,
unaikwangua kwa kipande cha msumeno uliovunjika.
Msasa nao bibi yangu aliujua ungali jani,
jani la mti, kali kama ulimi wa paka,
akilainishia miiko ya ugali.
Siku hizi ni karatasi yenye namba,
themanini, mia na ishirini, mia mbili na arubaini,
namba ikipanda ukali unashuka.
Lakini shimo ukilifuata kwa msasa
utaula mkono mzima wa kiti
na shimo litakungoja chini.

Nikawasha pasi ya makaa.
Kitambaa cha pamba, maji, pasi juu yake.
Mvuke ukalia. Nyuzi za mti zilizolazwa
tangu kikombe cha kwanza
zikanywa, zikafura, zikainuka
moja moja, kama waumini wasio na hakika
kama wimbo umeanza.
Siku mbili.
Okumbe, jirani yangu muuza vitanda, akaangua kicheko:
"Unaipigia mbao pasi? Inaenda harusini?"

Vanishi nilipaka alfajiri,
kabla ziwa halijatuma vijiinzi vyake;
Kisumu hii ukipaka saa kumi jioni
utauza kiti chenye ndevu.
Tabaka jembamba. Kikauke. Msasa wa mwisho, mkono mwepesi.
Tabaka tena.
Rangi ikaja yenyewe, ya chai ya strungi
glasi ikiinuliwa juani.

Ijumaa akaja. Hakuketi upesi.
Akapitisha kiganja, kwenda, kurudi,
kama anayetafuta kifungo kilichodondoka kwenye nyasi.
Kimoja kilikuwa kimebaki, karibu na ncha,
kirefu, kilichokataa maji. Nikafungua kinywa nijitetee.

"Hiki," akasema, "si chake.
Hiki nilikipiga mimi, kwa mchi.
Hakuomba chai wiki nzima."

Kisha akaketi. Akaegemea. Akavua viatu.
Akawatazama watu wanaobeba makabati mgongoni
kana kwamba wote ni wageni wake.
Na bila kunigeukia, kwa pete yake mwenyewe,
juu ya vanishi ambayo bado ilikuwa changa
(nilikunja uso, yeye hakuona):

ngo, ngo.

Nikafuta mikono kwa tambara la tina
nikaenda kutafuta birika.